Mkoko wa Mwalimu

Ndugu msomaji, kama hujawahi kutumwa na baba yako ukakague kitu ambacho yeye ameshakipenda, shukuru Mungu. Mimi nilitumwa. Kitu chenyewe kilikuwa gari, Toyota Harrier ya rangi ya fedha, imeegeshwa chini ya mwembe kule Kyela, imeoshwa mpaka inang'aa kama sufuria ya harusi.

Mzee wangu alifundisha shule za msingi miaka thelathini na kitu, na miaka yote hiyo alikwenda kazini kwa baiskeli ya Phoenix. Anayeijua Kyela hatashangaa. Nchi ya kule ni tambarare mpaka ziwani, na kila mtu ana baiskeli yake: mama muuza samaki, mkulima na gunia la mpunga, kijana na mikungu ya ndizi, mwalimu na madaftari. Kiinua mgongo kilipotoka tulidhani atanunua mashine ya kukoboa mpunga, au ataongeza shamba la kakao. Yeye akasema anataka Harrier.

"Kwa nini Harrier, tata?" nikamwuliza kwa simu.

"Kwa sababu nimechoka kufika mahali nimelowa."

Nikakosa la kusema. Kyela ni miongoni mwa wilaya zenye mvua nyingi nchini, na ikifika mwezi wa nne mvua ya kule haina adabu. Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe, mito yote hiyo inateremka kutoka milimani kuja kumwaga maji bondeni, na ikijaa haimwulizi mtu kama ana shamba pale au ana nyumba. Mtu aliyepita humo kwa baiskeli miaka thelathini, ukimwambia anunue mashine ya mpunga unamwonea.

Basi nikapanda kosta asubuhi pale Mbeya. Kutoka Uyole mpaka Tukuyu nilikuwa nayahesabu magari ya IT, yale yanayotoka bandarini Dar kwenda kuvuka mpaka wa Kasumulu kuingia Malawi. Ni mitumba ya Japani mitupu, mingine bado ina stika za kule. Nikawa najisomea moyoni niliyoyajua. Harrier ya kwanza ilitoka Japani mwishoni mwa 1997, na Wamarekani wakaanza kuuziwa gari hilo hilo mwaka 1998 kwa jina la Lexus RX 300. Ya pili ilitoka 2003, na ndiyo hii ambayo vijana wetu, kwa sababu ya taa zake za nyuma, wameibatiza tako la nyani. Mbele ina nembo ya ndege wa jamii ya mwewe. Gari la bosi, kwa ufupi.

Na hapa niungame jambo. Mimi nami nililitaka. Tangu Tukuyu nilishajiona nimeshuka nalo stendi ya Mbeya, kioo nusu, washikaji wananiuliza, "Vipi, mkoko wa nani huo?" Mkaguzi mwenye moyo wa namna hiyo ni hatari kuliko muuzaji.

Mwenye gari alikuwa mzee mmoja waliyesoma naye baba. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia vizuri, akaniuliza habari za Mbeya, akaniletea kiti. Kisha akaanza kulisifu. Milioni 17 tu, kwa sababu ya urafiki. Kilometa elfu tisini na mbili. Linavuta tairi zote nne, kwa hiyo Mwalimu atalisahau tope. "Halafu angalia, ni namba D!"

Baba akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia aya. Lakini herufi za namba zetu zinakueleza gari lilisajiliwa lini hapa Tanzania, hazikuelezi lilizaliwa lini. Kadi ilisema 2005. Gari la umri huo kuwa limetembea kilometa elfu tisini na mbili peke yake inawezekana, ila raba ya pedali ya breki ilikuwa imelika mpaka chuma kinachungulia, na usukani umekuwa laini kama mpini wa jembe la zamani. Kilometa zinarudishwa nyuma kwa mashine, mguu wa dereva haurudishwi.

Fundi niliyemwomba akafika, kijana wa pale pale Kyela mjini, kandambili miguuni na kitambaa begani. Hakuangalia rangi. Aliweka kiganja juu ya boneti, akakitoa.

"Mzee, mmeliwasha asubuhi?"

"Nililipasha kidogo, lisiwasumbue."

"Ndaga, mzee. Basi tulisubiri lipoe."

Tukasubiri saa mbili nzima. Tukaletewa ndizi na mbasa, tukala, tukapiga soga. Pembeni fundi akaninong'oneza kwamba gari likishapashwa, yote ya asubuhi yanajificha: moshi wa bluu wa kuunguza oili, mlio wa cheni, silensa inayotetemeka. Injini ile ilikuwa 2AZ ya lita 2.4, ambayo ikichoka ina tabia ya kunywa oili. Akachomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakirudisha, akakitoa tena. Oili ilikuwepo, haikuwa na weupe wa kuchanganyika na maji. Maji ya rejeta safi. Alipowasha, taa ya injini iliwaka kwenye dashibodi kisha ikazimika, kama inavyotakiwa. Ikiwa haiwaki kabisa, alisema, ujue kuna mtu kaichomoa. Moshi haukutoka.

Ila kwenye kibati cha namba ya chesisi palianzia ACU30. "Hii inavuta mbele tu," akasema taratibu. "Ya tairi nne ni ACU35." Tukachungulia chini, hakuna propela wala difu ya nyuma. Mwenye gari akashtuka kwelikweli. Alikuwa nalo mwaka mzima na hajui.

Baba akasema si neno, tope nitalipita polepole.

Tukaenda kulijaribu, tukashika njia ya Ipinda. Mwenye gari akaendesha, baba akakaa mbele, mimi na fundi nyuma. Msomaji, lile gari lilikuwa tamu. Mashimo tuliyasikia kwa mbali kama yanapita chini ya nyumba ya jirani. Baba alishusha kioo, akaweka kiwiko nje. Tulipowapita watu wa baiskeli aliwapungia wote, hata asiowajua. Milima ya Livingstone ilikuwa mbele yetu imevaa wingu. Nilimwona usoni kwenye kioo cha pembeni, nami sikumbuki lini nilimwona vile. Nikaamua hapo hapo: tunalinunua, na ya ACU nitajua mwenyewe.

Fundi akanigusa goti. Alikuwa anafunga mkanda wa kiti cha nyuma, lakini badala ya kuufunga aliuvuta, akaendelea kuuvuta mpaka ukagoma. Mwanzo wake ulikuwa mweusi safi. Karibu na mwisho, sehemu ambayo siku zote imejikunja ndani, palikuwa na mstari wa kahawia, na baada ya mstari mkanda wote una rangi ya tope. Akakwaruza kwa ukucha, vumbi likaanguka.

Hakusema kitu. Aliuachia ukarudi ndani, akaniangalia.

Tulipofika Ipinda tukasimama. Akainua kapeti chini ya kiti, boliti za kiti zilikuwa na kutu nene kama magome. Akatoa tairi la akiba, shimoni mwake kuna tope kavu limepasuka kama kiwanja cha mpunga baada ya mavuno. Gari lile lilizama. Zito, la kufika kwenye viti. Kapeti linafuliwa na viti vinaanikwa, alieleza, lakini maji yakishaingia kwenye waya na kontrolboksi yanakula polepole. Leo linawaka. Baada ya miezi dirisha linagoma, kisha gia, kisha siku moja usiku linazimika njiani, na hakuna fundi atakayekuambia ni waya upi.

"Mimi sikulizamisha," mwenye gari akasema. Sauti ilikuwa imepungua. "Nilinunua Dar hivi hivi. Walinionyesha limeoshwa."

Nilimwamini, hata leo namwamini. Lakini je, kabla ya saa ile hakuwahi kunusa ule uvundo mvua ikinyesha? Hilo sijui, na sikumwuliza.

Baba alikaa kimya muda mrefu, kisha akamgeukia fundi, siyo mimi. "Kijana, ningekuwa baba yako?"

"Ningekushika mkono tukaondoka, mwalimu."

Yule fundi nilimpa elfu thelathini. Milioni 17 za mtu aliyefundisha maisha yake yote zilisalimika kwa elfu thelathini na mkanda mmoja. Mimi msomi wa familia, niliyejua mwaka ambao Harrier ilitoka Japani, ningemwambia anunue.

Wazee wawili wakaenda pembeni, wakaongea Kinyakyusa kwa sauti ya chini. Niliokota moja tu, baba akimwambia mwenzake kwamba atakayefuata aambiwe ukweli. Turudishwe kwa gari hakutaka. Tukapanda bodaboda mbili, na kabla ya kufika Kyela mvua ikatukuta. Alishuka amelowa chapachapa, akacheka, akaniambia, "Umeona?"

Mpaka leo hajanunua. Anasema anatafuta, naye sasa akiliona gari la mtu analiuliza maswali.

Wiki chache baadaye nilikuwa nabadili gari pale Kasumulu, nikaiona. Rangi ya fedha, namba ile ile, karatasi kiooni: INAUZWA. Kijana wa rika langu alikuwa anaizunguka na mama mtu mzima, amebana pochi kwapani kwa mikono miwili. Dalali anawaambia, "Hii inavuta tairi zote nne."

Nilisimama. Mwenye gari ni rafiki wa baba. Waliokuwa mbele yangu siwajui, na kosta yangu ilikuwa inapiga honi. Nilifikiri ile pochi ina nini, kakao ya misimu mingapi.

Nikamwendea yule kijana, nikamwambia kidogo tu: "Kaka, kabla hamjawasha, kaa nyuma, vuta mkanda mpaka mwisho." Nikakimbilia kosta bila kugeuka.