Amplifaya ya Valvu Yatua Ndandalo, Mama Auliza Bati Ziko Wapi

Kondakta aliushusha mzigo stendi ya Kyela kwa mikono miwili, akauliza kama ndani kuna betri za sola. Boksi lenyewe si kubwa, ila uzito kama kilo 14. Mwenye mzigo, jamaa wa Ndandalo mwenye miaka 26, alicheka tu, akaupakata hadi nyumbani kwenye bodaboda. Ndani kulikuwa na Fender Blues Junior, amplifaya ya gitaa inayotumia valvu, teknolojia ile ile ya redio za enzi za babu. Si mpya. Ilinunuliwa Dar kwa mtu aliyekuwa anahama nchi, milioni moja na laki mbili. Ndiyo, mmesoma vizuri.

Na hela haikuwa ya kuchezea. Ilikuwa ya kakao, misimu miwili, kutoka shamba la mama ambalo jamaa ndiye analihangaikia: kuvuna, kupasua, kuvundika, kuanika, kukimbiza turubai mvua ikija. Makubaliano yalikuwa kwamba fungu lake yeye liingie kwenye bati za nyumba ya mama. Paa la sasa limechoka, na mvua ya Kyela haina aibu, ikishuka sufuria zote zinahamia sebuleni. Kwa hiyo kabla amplifaya haijatoa hata sauti moja, tayari ilikuwa na kesi.

Jamaa anapiga solo. Jumamosi yuko na bendi ndogo kwenye baa za mjini, Jumapili yuko na kwaya. Miaka yote gitaa lake la Kichina linachomekwa moja kwa moja kwenye mikisa, kisha linatokea kwenye spika zile zile zinazotoa sauti ya MC, kinanda na matangazo ya mtoto aliyepotea. Wanaojua wanajua sauti hiyo: nyuki kwenye kopo. Ukipiga kwa upole haisikiki, ukipiga kwa nguvu inachoma masikio.

Jioni ile umeme haukuwepo, na pengine hilo ndilo lililookoa milioni na laki mbili. Kesho yake asubuhi alimpitia mzee mmoja fundi redio, wale mafundi ambao meza yao ina skrubu kuliko sokoni. Mzee aliposikia neno valvu akavaa miwani. Akaigeuza, akasoma maandishi ya nyuma taratibu.

"Usiichomeke, mwanangu."

"Kuna nini mzee?"

"Imeandikwa volti 120. Hii ya Marekani. Kwetu ukutani ni 230. Ungeilisha mara mbili ya chakula chake."

Zipo Blues Junior zinazotengenezwa kwa umeme wa 230, ila hii haikuwa mojawapo, na muuzaji hakuligusa hilo kwenye WhatsApp. Ikabidi ipatikane transfoma ya kushusha umeme. Ya wati 500 inatosha na kubaki. Iliagizwa Mbeya, elfu themanini nyingine ikaenda, siku nne zikapita amplifaya imekaa chumbani kama mgeni asiyekula. Mzee akaongeza onyo ambalo kila anayefikiria kununua kitu hiki alishike: ndani kuna umeme unaozidi volti 300, na kapasita zinaweza kuushikilia hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Kufungua na bisibisi ya jirani ni kutafuta msiba.

Kwa ambao hawajawahi kuiona, valvu ni kichupa cha kioo kilichotolewa hewa. Ndani kuna kijiwaya kinachowaka, joto lake linarusha elektroni kwenda kwenye bamba la pembeni, na katikati kuna wavu mdogo. Mtetemo wa gitaa unafika kwenye ule wavu na kufanya kazi ya trafiki: pita, simama, pita. Hivyo kitu kidogo sana kinaongoza umeme mkubwa. Blues Junior ina vichupa vitano, vitatu vidogo vya aina ya 12AX7 vinavyoinua sauti, na viwili vya EL84 vinavyosukuma spika ya inchi 12. EL84 si za gitaa kwa asili. Zilitoka miaka ya 1950 na zikajaa kwenye redio za mezani za Ulaya, ndiyo maana mzee alizitambua mara moja. Nne za aina hiyo hiyo ndizo zimo kwenye Vox AC30, ile waliyopigia Beatles.

Transfoma ilipofika, mzee alikuja mwenyewe Ndandalo kushuhudia. Swichi ikawashwa. Kitaa chekundu kikawaka juu. Kimya. Jamaa akagusa nyuzi, kimya. Jasho likaanza, maana kichwani alikuwa anahesabu bati moja moja.

"Acha ipate moto," mzee akasema. "Za zamani hazikurupuki."

Kama nusu dakika hivi, ikaanza kwa mvumo mdogo, kisha uzi ukasikika. Kilichomshtua jamaa si ukubwa wa sauti. Ni kwamba ilikuwa karibu, kana kwamba gitaa liko chumbani na si ndani ya spika. Akagusa kwa ncha ya kidole, ikajibu kwa upole. Akachapa, ikachapa. Mikisa ya baa haijawahi kumjibu hivyo hata siku moja.

Halafu ndipo raha na fedheha zikaja pamoja. Ukiifungua nobu ya sauti hadi saba hivi, valvu zinaanza kuelemewa, na sauti inapata mkwaruzo mtamu, kama mwimbaji aliyekesha. Ukirudisha kidogo nobu ya kwenye gitaa lenyewe, inasafika tena. Huhitaji kukanyaga kitu chochote. Ila mashine hii haifichi. Vidole vya kushoto vikichelewa, inasema. Zile fimbo za haraka haraka ambazo baa nzima huwa inazishangilia, hapa zilisikika jinsi zilivyo, nusu ya noti hazipo. Jamaa alitumia wiki nzima akipiga vitu vya polepole, na hakuna aliyemlazimisha.

Mwangwi wake nao ni wa springi halisi, zimening'inia kwenye kisanduku humo ndani. Mtoto wa dada yake alipita akaigonga kwa goti, ikatoa ngurumo ambayo watu wa nje walitazama upande wa Milima ya Livingstone. Tangu hapo mtoto anapita mbali.

Mama alikuja siku ya tatu. Alisimama mlangoni na kanga yake begani, akaitazama vizuri.

"Hiki ndicho kimekula bati zangu?"

"Ndicho, mama."

"Haya, kiseme."

Akapiga wimbo wa kwaya anaoupenda mama, bila mbwembwe, sauti safi na mwangwi kidogo. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ndaga fijo," kisha, kwa Kiswahili ili kusiwe na kisingizio, akasema bati anazozihitaji ni 22 na masika yanakuja. Hakukasirika, hakuyeyuka pia. Kwenye video za mtandaoni mama angelia machozi ya furaha. Huyu alikwenda kugeuza kakao.

Sasa kuna swali halali: kwa nini mtu ahangaike hivi wakati simu ina programu za bure zinazoiga amplifaya zote za dunia? Na ukweli usemwe, kama lengo ni kurekodi vipande vya TikTok chumbani, programu na kifaa kidogo cha kuunganisha vinatosha kabisa, tena bila kuamsha jirani. Hii ni mashine ya mtu anayepiga mbele ya watu. Watakaosema wati 15 ni chache hawajawahi kukaa nayo chumba kimoja. Wati zikiongezeka mara mbili sauti inapanda desibeli 3 tu, kwa hiyo tofauti ya 15 na 30 si kubwa kama inavyosomeka. Ukumbini inawekewa maiki mbele, basi. Tatizo lake la kweli ni vipuri. Valvu zinachoka, na za leo zinatoka viwanda vichache vya Urusi, Slovakia na China. Ikifa EL84 moja usiku wa onyesho, Kyela nzima huipati. Bila akiba ya valvu ndani, na bila kifaa cha kutuliza umeme unaopanda na kushuka, bora usianze.

Lakini kuna kitu kingine jamaa alikuwa anakinunua, na wazee wa dansi watakielewa haraka. Tanzania mwanamuziki kwa miaka mingi hakuwa na vyombo. Vyombo vilikuwa vya mwenye bendi. NUTA Jazz ilianza 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ikaja 1978, na baadaye ikawa chini ya shirika la maendeleo la jiji la Dar, ndiyo zile herufi DDC. Mpiga gitaa alikuwa na vidole vyake na sare. Akihama bendi, sauti aliyoizoea inabaki nyuma pamoja na amplifaya. Watu walipiga maajabu hivyo hivyo, rekodi za RTD zipo, hakuna wa kubisha. Ila mtu aliweza kupiga miaka ishirini akastaafu bila kumiliki hata waya. Na baa za leo mambo ni yale yale, mwenye mikisa ndiye anaamua solo isikike lini.

Jumamosi ya kwanza kuipeleka kazini, jamaa aliiweka juu ya kreti la soda, maiki ya pili ya bendi mbele yake. Saa tano usiku kwenye sebene, wachezaji wawili watatu waligeuka kuangalia sauti inatoka wapi. Mwimbaji akamwambia apunguze, mara ya kwanza katika maisha yake kuambiwa hivyo. Malipo yalikuwa yale yale, elfu ishirini, kasoro nauli ya amplifaya.

Walipokuwa wanakusanya nyaya, mwenye bendi alikuja na wazo. Kwa nini asiiache hapo hapo baa, stoo ina kufuli, wenzake wawe wanaitumia katikati ya wiki, na jina lake litabaki kuwa limeandikwa nyuma?

"Hapana kaka," jamaa akasema. "Hii inarudi kwa mama, bado inadaiwa bati 22."

Akaisubiri ipoe, akaifunika, akaita bodaboda.