Deni la Chupa Mbili

Haya nitakayokusimulia yana aibu yangu ndani yake, na lau si kwamba huenda yakakufaa, ningeyanyamazia.

Mwaka 2014 binti yangu mkubwa alijifungua salama jioni, na haukupita muda damu ikawa yamtoka isikatike. Daktari akatoka akatwambia zahitajika chupa mbili upesi (sisi wazee twasema chupa, ingawa siku hizi ni mfuko), na ya kundi lake haipo hapo spitalini. Kundi lake ni O, na mwenye O hapokei ila ya O mwenziwe. Nalitoa mkono nikapimwa, kumbe mimi ni A. Mumewe naye ni B. Basi nikarudi kukaa kwenye benchi.

Hapo nikakumbuka. Miezi michache nyuma vijana wawili wanaokusanya damu walinijia msikitini siku ya Ijumaa, wakaniomba dakika kumi baada ya sala waseme na watu. Naliwajibu kwa upole kwamba leo hapana nafasi, waje Ijumaa nyingine. Na walipokuja hiyo Ijumaa nyingine nikawaambia vivyo hivyo. Hawakurudi tena. Wallahi sikuwa na hoja yoyote ya dini. Naliona tu kwamba mambo ya sindano si ya msikitini.

Nikaweka nadhiri pale pale: Mola akimponya mwanangu, mbuzi wawili. Usiku wa manane damu ikaletwa kutoka spitali nyingine, na kabla ya alfajiri uso wake ulianza kurudi rangi. Alhamdulillahi.

Nadhiri ya jambo la kheri ni wajibu kutimizwa. Mbuzi walichinjwa, nyama ikaenda kwa mafukara, na nyumbani kwangu halikupikwa hata pande moja, kwani katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi mwenye nadhiri haili. Lakini moyo haukutua. Miaka mingi nimewasomesha watu ile hadithi ya Mtume (S.A.W.) kwamba nadhiri haibadilishi lililokadiriwa, ila ni njia ya kumtoa bakhili kitu mkononi. Nalijijua kuwa bakhili huyo ni mimi. Wale mbuzi nimewatoa kwa khofu. Shukrani bado naidaiwa.

Na nimshukuru nani katika viumbe? Tumefundishwa kwamba asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu, na aliyetoa damu ile simjui. Pengine ni mwanafunzi, pengine ni mwanamke wa sokoni, pengine si Muislamu. Alilala kitandani siku moja, akatoa nusu lita kasoro kidogo, akenda zake asijue itamfika nani.

Naliwaendea wale vijana ofisini kwao kuwataka radhi. Mmoja ameshahama kazi, wa pili alicheka, akaniuliza, "Sheikh, zile dakika kumi zimepatikana?" Ni yeye aliyenieleza kwamba damu haikai jokofuni zaidi ya siku 35 hivi, kwa hiyo watu kujitokeza kwa kishindo siku moja kisha mwaka mzima kimya hakusaidii sana. Na wanaoihitaji zaidi katika nchi zetu ni wazazi kama binti yangu, na watoto waliokaushwa damu na malaria.

Basi nikanunua daftari. Tukaandika majina ya jamaa wa msikitini, kundi la damu la kila mmoja, na tarehe aliyotoa mwisho, kwani mwanamume hungoja miezi mitatu na mwanamke minne. Siku ya kwanza tulikuwa tisa. Wengine walijificha kwa sababu damu hupimwa ukimwi na homa ya ini, na mtu huogopa kuambiwa. Sikuwalaumu. Nalitangulia mimi mkono wangu, wakaona mzee kashuka kitandani kwa miguu yake.

Kisanduku cha sadaka tunacho, nacho ni cha nauli tu na chai. Damu hatuilipii, kwani thamani yake imekatazwa.

Shida yetu kubwa ni Ramadhani, watu wanapofunga na majokofu yakabaki matupu. Kwetu Mashafi kutoa damu hakufunguzi, ila huchukiza kwa kuwa mtu hudhoofika. Kwa hiyo sisi hutoa usiku, baada ya tarawehe. Akina mama ndio waliolitoa shauri hilo, na ndio wasiokosa.

Mjukuu wangu yule sasa nasomesha chuoni mwangu. Mimi nakaribia miaka 65, umri ambao watu wa damu humwambia mtu basi, pumzika. Nimehesabu zimenibakia mara tatu, na tarehe zake nimeziandika katika daftari kwa wino mwekundu.