Kiti cha Enzi na Kamba Zake

Msafiri aendaye Lamu, katika pwani ya kaskazini ya nchi jirani ya Kenya, huliacha gari Mokowe na kuvuka maji kwa mashua. Mji huo mkongwe, uliotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, umejengwa kwa mawe ya matumbawe. Vichochoro vyake ni vyembamba, na mizigo hubebwa na punda.

Miongoni mwa tunu za mji huo ni kiti cha enzi. Ni kiti kipana cha mpingo, chenye maegemeo marefu yaliyosimama wima, mikono miwili, na mahali pa kuwekea miguu. Mbao zake hutiwa njumu za pembe au mfupa. Zamani kiliwekwa katika nyumba za wakubwa, akakikalia mgeni mheshimiwa. Mafundi wa Siyu, katika Kisiwa cha Pate, walisifika sana kwa uchongaji.

Hata hivyo, mpingo ni nusu tu ya kazi. Kikalio na maegemeo huwambwa kwa kamba nyembamba, zinazopitishwa katika matundu ya fremu na kusukwa kwa mapambo. Mpingo hudumu vizazi vingi. Kamba huliwa na unyevu, chumvi, wadudu na uzito wa wakaaji. Ndiyo maana viti vingi vya kale vimekwisha kuwambwa upya, na kilichobaki na kamba zake za kwanza ni adimu.

Atakaye kukitambua na akiinamie, akitazame chini. Kamba za asili hupita katika matundu ya kwanza ya fremu. Sehemu zilizofichika, zisizofikiwa na jua, huwa na rangi tofauti na za juu, na uchakavu huonekana zaidi katikati na ukingo wa mbele. Misumari, matundu ya ziada au uzi wa nailoni ni dalili kwamba mkono mwingine umepita. Rangi peke yake si ushahidi, kwani kamba mpya yaweza kutiwa rangi ionekane kuukuu.

Hasara kubwa hutokea pale mnunuzi anapotaka kiti cha kukalia, na muuzaji akakata kamba za zamani ili kumridhisha. Idadi ya nyuzi, mafundo na mpango wa mapambo hupotea siku hiyo, wala hakuna atakayeweza kuuliza tena fundi wa kwanza alifanyaje. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 hudai kibali kwa atoaye vitu vya kale nje ya nchi, lakini ulinzi wa kwanza huanzia nyumbani.

Mwenye kiti cha namna hiyo asikikalie wala asikioshe kwa maji. Vumbi liondolewe kwa brashi laini, na kiti kiwe mbali na jua. Ikiwa hapana budi kuwamba upya, kipigwe picha kwanza, kipande cha kamba ya zamani kihifadhiwe, na tarehe iandikwe.

Atakaye kukaa na anunue kiti kipya. Wachongaji wangalipo Lamu, nao watapata riziki. Wahenga walikwisha kuonya: usiache mbachao kwa mswala upitao.