Santuri Iliyozaliwa Jikoni

Wahenga walinena: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hiyo yaufaa muziki wa dansi uitwao house, neno la Kiingereza lenye maana ya nyumba. Yasimuliwa kwamba jina hilo lilitokana na Warehouse, klabu ya dansi mjini Chicago, Marekani, ambako Frankie Knuckles alianza kupiga santuri mwaka 1977. Mapigo yake huenda manne manne, yapata 120 kwa dakika, nayo humtikisa hata asiyejua kucheza.

Mwaka 1998 Mwingereza Matthew Herbert aliuingiza muziki huo ndani ya nyumba hasa. Katika santuri yake Around the House alichanganya mapigo ya dansi, uimbaji wa Dani Siciliano, na milio iliyonaswa kutoka vyombo vya kawaida vya jikoni. Mlio mfupi hukatwa, ukarudiwa kwa kipimo, hata kilichokuwa kelele kikawa ngoma. Mwaka 2000 alijiandikia masharti: asitumie mashine za ngoma, wala asichukue sauti za muziki wa wengine.

Huenda mtu akauliza, yanini kusumbuka na mlio wa sufuria? Jibu analo askari. Buti moja likigonga chini ni kishindo tu; buti mia zikigonga pamoja ni gwaride. Vivyo hivyo wanawake wawili wakitwanga katika kinu kimoja: kila mmoja hungoja zamu yake, maana wasipopatana michi hugongana. Mdundo ni mapatano ya watu kazini.

Lakini gwaride hupigiwa makofi, na kinu hakipigiwi. Kazi ya nyumbani aghalabu haihesabiwi kuwa kazi, na milio yake hupita masikioni kama upepo. Thamani yake hujulikana lindoni, mbali na kwao, pale askari anapotamani kusikia mfuniko ukigonga sufuria na ndoo ikitua chini alfajiri.

Basi arudipo likizo, asikimbilie kufungua redio. Na atege sikio jikoni kwanza, atambue ni mikono ya nani iliyoshika mapigo alipokuwa hayupo. Akishasikia vema, na ainuke, ashike mchi wa pili.