Sauti na Neno: "Malaika" Unavyosikika Changamwe

Wimbo unaojulikana na kila mtu ndio ulio mgumu kuhakikiwa, kwani kila msikilizaji hudhani ameshausikia. "Malaika" ni mfano mzuri. Huimbwa arusini, hupigwa na bendi za hoteli kuanzia Diani hadi Malindi, na watoto huujua kabla ya kujua maana ya mahari. Hata hivyo, ni nadra kumsikia mtu akiuliza ni upi hasa huo wimbo wenyewe. Matini ya shairi lililoandikwa tunaweza kuifungua kitabuni tukaitazama. Matini ya "Malaika" imo katika rekodi nyingi zisizokubaliana, na anayetaka kuihakiki hana budi kuzisikiliza moja baada ya nyingine.

Huko Changamwe yuko mstaafu mmoja ambaye ameifanya kazi hiyo kwa miaka mingi bila ya kuipa jina la uhakiki. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha kusafisha mafuta, kile kilichoanza kazi mwaka 1963 na kuacha kusafisha mwaka 2013. Kanda zake za kaseti amezitia katika mkebe wa biskuti, na zile zilizokatika ameziunga kwa mkono wake. Sababu ya kuushikilia wimbo huu si ya kitaaluma. Alipoposa alitajiwa mahari ambayo mshahara wake haukuifikia, akangoja miaka minne. Kwake yeye, kijana wa wimboni anayempenda mtu asiyeweza kumuoa kwa kukosa mali si mhusika wa kubuni.

Rekodi anayoanza nayo daima ni ya Fadhili William. Mwanamuziki huyu wa asili ya Taita aliurekodi wimbo mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaurudia mwaka 1963 pamoja na kundi la Black Shadows. Kuhusu utunzi wenyewe pana mabishano ya muda mrefu. Fadhili aliyefariki mwaka 2001 alisisitiza kuwa ni wake, ilhali Adam Salim naye alidai kuwa aliutunga mwaka 1945, na jina la Grant Charo pia limetajwa. Mabishano hayo hayatatatuliwa hapa. Itoshe kusema kwamba wimbo wenye watunzi wengi wanaodaiwa ni wimbo ambao jamii ilikuwa tayari kuuamini kuwa umemtokea mtu halisi.

Sauti ya Fadhili si kubwa. Haipandi ili kushangaza, wala haiyavuti maneno hadi yakapoteza silabi zake. Magitaa hutembea kwa mwendo wa dansi nyepesi, naye anaeleza shida yake karibu kama mtu anayezungumza na jirani. Huo ndio ubora wake: umaskini unatajwa bila ya kuombewa machozi. Baadhi ya wasikilizaji huiona rekodi hii kuwa kavu. Lakini ukavu huo unafanana na hali ya mtu aliyekwisha kuhesabu fedha zake mara kadhaa na kuona kwamba jumla haibadiliki.

Miriam Makeba aliuchukua wimbo huo huo na kuufanya kitu kingine. Katika sahani aliyoitoa pamoja na Harry Belafonte mwaka 1965, ambayo ilipata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata, mwendo umepunguzwa, na kila irabu imepewa nafasi ya kukaa hewani. Hapa sauti ndiyo inayotangulia, neno linafuata. Wapenzi wa opera ya Kiitalia wanaujua mgogoro huu. Wanapolinganisha rekodi za Norma ya Bellini, wapo wanaoshika ile ya Maria Callas ya mwaka 1954 kwa sababu kila neno linabeba uchungu wake, na wapo wanaoshika ile ya Joan Sutherland ya miaka kumi baadaye kwa uzuri wa sauti, ijapokuwa maneno mara nyingi hayasikiki vyema. Tofauti kubwa ni kwamba Callas na Sutherland waliimba maandishi yaliyokuwa mbele yao, ilhali Makeba aliimba kwa lugha isiyokuwa yake wimbo uliokwisha kuzunguka kwa masikio.

Ni mke wa mstaafu huyo aliyegundua jambo ambalo wahakiki wengi wamelipita. Kanda ya Makeba ilipokuwa ikipigwa, aliuliza kutoka jikoni:

"Mzee, na huyu amuoa nani?"

Swali hilo lina uzito. Kiswahili hakina jinsia katika viwakilishi vyake, na kwa hiyo sehemu kubwa ya wimbo ingeweza kuimbwa na mwanamume au mwanamke bila ya kubadili herufi moja. Lakini katika ndoa sarufi yetu haina huruma: mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Makeba alikiacha kitenzi cha kuoa kama kilivyokuwa, na Angélique Kidjo akafanya vivyo hivyo katika sahani yake ya Logozo ya mwaka 1991. Msikilizaji wa ng'ambo hakuona kitu. Msikilizaji wa Changamwe akamwona mwanamke aliyesimama mahali pa mposaji.

Je, hilo ni kosa? Ni vigumu kukubali hivyo. Mwaka 1830 Bellini huyo huyo alimtungia mwanamke sehemu ya Romeo, na hadhira ya Venice haikuuliza ni nani anayemwoa nani. Katika taarabu yetu pia waimbaji wanawake wameimba maneno yaliyotungwa na wanaume tangu enzi ya Siti binti Saad. Kinachopatikana kwa Makeba ni umbali: huzuni ya kukosa mali haiwi tena ya kijana mmoja, inakuwa ya yeyote. Kinachopotea ni ile hesabu ya mahari. Kati ya faida hiyo na hasara hiyo, mstaafu wa Changamwe huchagua rekodi ya Fadhili bila ya kusita, na mtu aliyengoja miaka minne ana haki ya kufanya hivyo.

Juu ya rekodi ya Boney M. ya mwaka 1981 hapana haja ya kusema mengi. Inachezeka. Bendi za hoteli nazo hupiga toleo linalowafaa wageni walioshukia Uwanja wa Ndege wa Moi, ulio huko huko upande wa Changamwe, na katika toleo hilo umaskini wa mposaji hupita upesi kuelekea kiitikio.

Palipo na utajiri zaidi ni katika ubeti wa kidege. Kitenzi cha kuwaza humo kinapatikana kwa njia mbili, katika kuimbwa na katika matini zilizochapishwa: mara kwa kiambishi cha na-, mara kwa hu-. Njia ya kwanza haina utata. Mpenzi anawazwa sasa. Ya pili ina mtego. "Hukuwaza" laweza kuwa na hu- ya mazoea na -ku- ya mtendwa, yaani kidege huwazwa daima. Laweza pia kuwa kanusho la wakati uliopita: kidege, wewe ndiwe usiyewaza. Mkazo haubadiliki, na muziki haumsaidii msikilizaji kuamua. Maana ya kwanza ni mapenzi; ya pili ni lawama kwa binti aliyekubali bei ya wazazi wake bila ya kuitafakari.

Wanandoa hao wa Changamwe hawajakubaliana. Mume husikia mazoea. Mke husikia kanusho, na hushikilia kwamba lawama hiyo si ya haki, kwa kuwa katika miaka ile minne yeye hakuwahi kuulizwa.