Je, Ni Haki Mwendesha Pikipiki Afungwe?

Muhula huu katika mdahalo wa shule yetu tulipewa neno hili tulijadili: mwendesha pikipiki aendaye mbio huku amepakia watoto, ni haki afungwe gerezani. Walioafiki walikuwa wengi, na waliopinga walikuwa wachache. Mimi nilikaa kimya tangu mwanzo hata mwisho, na rafiki zangu walistaajabu, kwa kuwa desturi yangu ni kusema sana. Leo nataka kueleza sababu ya kimya kile.

Kwetu ni Ilkiding'a, katika miteremko ya Mlima Meru, juu ya Ilboru. Mtu atokaye kwetu kwenda mjini hana budi kuteremka njia yenye vumbi na mawe mpaka aifikie barabara kuu iendayo Namanga. Zamani wazee wetu waliteremka kwa miguu, wamechukua ndizi na maziwa ya kuuza. Siku hizi tunapanda bodaboda. Kanuni za mwaka 2010, zilizoruhusu pikipiki kuchukua abiria kwa malipo, zinataka abiria awe mmoja tu, na yeye pamoja na mwendeshaji wavae kofia ngumu. Hayo kila mtu anayajua. Lakini nendeni njiani asubuhi mkahesabu wenyewe ni wanafunzi wangapi wamepangwa juu ya pikipiki moja kama nyama za mshikaki!

Kijana mmoja, jirani yetu, alikuwa na pikipiki ya mkataba. Kila jioni alimpelekea mwenye chombo hesabu yake, na muda wa mkataba ukiisha pikipiki ingekuwa mali yake. Wazazi kadhaa, baba yangu akiwamo, walimlipa kwa mwezi ili awapeleke watoto shuleni. Naye, ili apate kitu baada ya kutoa hesabu na mafuta, aliwapakia wawili au watatu kwa mara moja, kisha alirudi mbio kuwachukua wengine kabla kengele haijalia.

Asubuhi moja ya mwezi wa Juni mwaka jana, mlima ukiwa umejifunika ukungu, alitupakia mimi na mdogo wangu wa darasa la tano. Mdogo wangu alikaa katikati, mimi nyuma. Kofia ngumu ilikuwa moja, nayo ilikuwa kichwani mwa mwendeshaji. Tulishuka kwa kasi ambayo machozi yalinitoka kwa upepo. Kwenye kona tulimkuta ng'ombe amesimama katikati ya njia. Kijana akakanyaga breki, gurudumu likateleza juu ya changarawe, na sote watatu tukaanguka. Mimi nilichubuka mikono tu. Mdogo wangu alivunjika mguu. Kijana yule, ijapokuwa damu ilimtoka gotini, hakukimbia. Alimbeba mtoto mgongoni mpaka barabarani, akatafuta gari, akafuatana nasi hospitalini.

Jioni baba yangu alipomwona mwanawe amefungwa hogo mpaka pajani, alisema, "Kesho nakwenda polisi. Huyu lazima alale Kisongo." Kisongo ndipo lilipo gereza letu. Mama wa kijana alikuja usiku na kibuyu cha maziwa, akakaa karibu na mlango, akasema, "Baba, mwanangu amekosa. Lakini akifungwa, wadogo zake wanne watakula nini?" Baba hakumjibu.

Nami nilikuwa pale, nikasikia yote, nikanyamaza. Maana lilikuwapo jambo ambalo baba hakulijua. Siku ile nilikuwa na mtihani wa nusu mwaka, nami nilichelewa kuamka. Tulipoanza kuteremka, kijana alikwenda polepole kwa sababu ya ukungu. Mimi ndimi niliyempiga begani nikamwambia, "Kaka, kaza mwendo, nachelewa!" Nilimwambia mara mbili.

Nililala na neno hilo siku mbili. Usiku wa tatu nilimwendea baba nikamweleza. Alikasirika sana, kisha alikaa kimya muda mrefu. Mwisho akasema, "Yeye ndiye aliyeshika usukani. Lakini wewe nawe umekosa, na mimi niliyemlipa kwa kuwapakia wawili nimekosa." Shauri lilifika mahakamani. Kijana alikiri kosa, naye baba aliyasema mbele ya hakimu yale niliyomwambia. Kijana akatozwa faini na kuonywa vikali. Faini ililipwa na mama yake, kwa kuuza mbuzi wawili.

Basi, ni haki afungwe au si haki? Kwanza nataka kusema kwamba mwendo wa kasi si kosa dogo. Mwalimu wetu wa fizikia ametufundisha kuwa kasi ikiongezeka mara 2, nishati ya mwendo huongezeka mara 4. Pikipiki iendayo kilomita 60 kwa saa hukata karibu mita 17 katika sekunde moja, kabla mtu hajawahi hata kukanyaga breki. Na mji wetu hauhitaji kufundishwa uchungu wa kuzika watoto. Mei 6, 2017, wanafunzi 32 wa shule moja ya msingi ya Arusha, pamoja na walimu wao 2 na dereva, walikufa basi lao lilipotumbukia bondeni huko Rhotia, Karatu. Mtu anayepakia watoto amebeba roho zisizo zake.

Kwa hiyo yule aliyekwisha kuonywa akarudia, au aliyelewa, au aliyeumiza mtoto akakimbia, naona ni haki afungwe. Lakini aliyekosa mara ya kwanza, akakiri, gerezani atajifunza nini? Mgonjwa hatapata tiba kwa kifungo chake, na watakaolala njaa ni wadogo zake.

Tena, faini nayo ina kasoro. Nchini Finland faini ya mwendo wa kasi hupimwa kwa kipato cha mtu. Mwaka 2002 mkurugenzi wa Nokia, Anssi Vanjoki, alitozwa yuro 116,000 kwa kuendesha pikipiki kilomita 75 mahali pa kilomita 50, ingawa baadaye ilipunguzwa sana. Kwetu, maskini hulipiwa na mbuzi wa mama yake.

Iko njia ya tatu. Nchi yetu ina Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, inayomwezesha hakimu kumpa mkosaji kazi ya bure ya umma badala ya kifungo kifupi. Natamani kijana wa namna hii anyang'anywe leseni kwa muda, kisha afanye usafi katika wodi ya majeruhi, aione kila siku mifupa iliyovunjwa na haraka.

Lakini hakuna adhabu itakayotosha ikiwa sisi tunaoinunua haraka hiyo tunabaki bila lawama. Mzazi anayelipa watoto watatu kwa pikipiki moja, na mwanafunzi anayepiga bega la mwendeshaji, hao pia wana sehemu yao.

Mdogo wangu sasa anatembea vizuri, ila anachechemea kidogo wakati wa baridi. Kijana yule bado yuko kijiweni, naye hapakii zaidi ya mmoja. Mimi huamka saa kumi na moja alfajiri, nateremka kwa miguu.

Hiyo ndiyo sababu ya kimya changu katika mdahalo. Sikustahili kupiga kura ya kumfunga mtu kwa kosa nililomtuma mimi mwenyewe. Atakayeona nimekosea, na aandike katika toleo lijalo.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu