Jina la Mwenye Jembe

Mwaka 2022 serikali ya Kenya ilipouza mbolea ya ruzuku, gunia la kilo 50 lilishuka hadi shilingi 3,500, na mwaka uliofuata likafika 2,500. Madukani bei ilikuwa imepita 6,000. Huku Mosocho, Gusii, ambako watu wengi hulima eka moja au chini ya hapo, mama zetu walipiga hesabu papo hapo: shilingi hamsini kwa kilo. Wanachama wawili watatu wa chama cha akina mama wakaweza kuchanga, wakanunua gunia na kugawana.

Ruzuku hiyo humfikia mtu kwa jina lake. Machifu na manaibu wao walisimamia uandikishaji: kitambulisho, nambari ya simu, ukubwa wa shamba. Ujumbe huja kwenye simu, nawe unakwenda ghalani na kitambulisho kile kile. Mimi nauunga mkono utaratibu huo, maana tumewahi kuona mbolea ya wakulima ikiishia kwa madalali. Lakini huandikwa jina la nani?

Mama yangu ni mjane, na shamba lile amelilima tangu alipoolewa. Siku ya kuandikishwa karani alimuuliza, "Mama, shamba ni la nani?" Akajibu kama ambavyo mwanamke yeyote wa rika lake katika Gusii angejibu: la kijana wangu. Hati bado ina jina la babu, mirathi haijafanywa. Basi kikaandikwa kitambulisho cha ndugu yangu, anayefanya kazi Nakuru.

Ujumbe ukaenda Nakuru. Ndugu yangu alifurahi, akatuma pesa siku ile ile. Ghalani wakataka kitambulisho, naye akakitia kwenye bahasha na kumkabidhi dereva wa matatu. Mbolea ya kupandia ilipofika nyumbani, mahindi yalikuwa yamefika magotini, na majani yameanza kuwa manjano.

Nimelifikiria sana jambo hili kwa sababu ndani yake hakuna mwovu. Mama alijibu alivyojua, karani akaandika alichoambiwa, ndugu yangu akafanya haraka. Hata hivyo msimu ulipotea, kwa kuwa hakuna aliyeuliza ni nani anayelima. Katiba ya 2010 inataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika sheria na mila zinazohusu ardhi. Lakini uamuzi wa siku ile ulifanyika kwenye meza ya karani, kwa swali moja, na hapo Katiba haikuwa na msemaji.

Mwaka 2024 uzito wa jina ulionekana zaidi. Ilibainika kwamba baadhi ya magunia yaliyouzwa kupitia maghala ya NCPB, bodi ya nafaka na mazao, hayakuwa na mbolea ya kweli, na serikali ikaahidi kuwafidia walioyanunua. Ahadi kama hiyo humtafuta mtu kwenye daftari. Mwanamke aliyetumia mbolea iliyonunuliwa kwa jina la mwanawe angekwenda kudai kama nani?

Tangu hapo, jambo la nyumbani likihitaji jina, iwe kadi ya zahanati, hisa za ushirika au ng'ombe wa mkopo, nauliza ni nani atakayeamka nalo asubuhi. Huyo ndiye aandikwe. Mara nyingi wazee huguna, na wakati mwingine akina mama wenyewe huogopa wataonekana wananyakua mali. Ni hofu ya kweli, na haiondoki kwa hotuba.

Kwetu aliyeiondoa ni ndugu yangu. Alikuja likizo, akaandamana na Mama hadi kwa naibu wa chifu, akasema mbele ya watu, "Mkulima ni huyu." Msimu uliofuata ujumbe uliingia kwenye simu ya Mama. DAP, mbolea ya kupandia, yote aliipandia mahindi. CAN, ya kukuzia, aliigawa: nusu kwenye mahindi, nusu kwenye nepia ya ng'ombe, kwa sababu maziwa ndiyo yanayolipa karo ya wajukuu. Ndugu yangu alitaka CAN yote iende kwenye mahindi. Walibishana kwa simu jioni nzima, na Mama akafanya alivyopanga.